Herufi Kutoka Kulia

"Enhe, mlango umefunguka?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kaka yangu kila nilipoingia karakanani kwake, hata kabla sijaketi. Kaka ni fundi cherehani, anashona makoti. Tangu mkono wake wa kulia uanze kutetemeka, hospitali walimweleza kwamba ndani ya ubongo wake kuna seli zinazokufa polepole. Zipo dawa ambazo zinaweza kuzilinda seli kama hizo zikiwa ndani ya vyombo vya maabara. Lakini ukimchoma mtu sindano ya dawa hizo, zinazunguka na damu mwili mzima, na zikifika ubongoni zinarudishwa. Mishipa midogo ya damu iliyomo ubongoni ina kuta zilizobana kuliko kuta za mishipa mingine yote, na haipitishi chochote isichokijua.

Mimi ndiye niliyemwambia kwamba maabara yetu inatafuta namna ya kuupita ukuta huo. Nikautaja kama mlango ili anielewe. Tangu siku hiyo akalishika neno hilo.

"Mwache akae kwanza," wifi alimkaripia jioni ile huku akinisogezea kiti. "Dada wa watu ametoka kazini, wewe unamdai mlango kama umemwagizia seremala!"

"Na seremala mwenyewe anachelewa," kaka akasema, akacheka. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya kitambaa, ukitetemeka kama kuku aliyelowa. Aliufunika kwa mkono wa pili.

Siku hiyo nilikuwa na habari njema. "Umefunguka kidogo," nikamwambia.

Wifi akaacha kukunja nguo. Kaka akanitazama. Ningejua yatakayofuata ningeuficha ulimi wangu mpaka tupime mara ya pili. Lakini furaha haina breki, nikawaeleza yote.

Niliwaeleza kwanza habari za mchukuzi. Ndivyo tunavyoiita peptidi yetu pale maabara. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, mfano wa shanga chache zilizotungwa kwenye uzi. Kwenye ukuta wa mishipa ya ubongo kuna vipokezi, ambavyo kazi yake ni kupokea vitu ambavyo ubongo unavihitaji, kama madini ya chuma, na kuvivusha ndani. Ukitunga shanga zako kwa mpangilio unaokifaa kipokezi, kitaushika mnyororo na kuuvusha. Sasa ukiufunga mzigo wa dawa mgongoni mwa mnyororo huo, utavuka nao. Huyo ndiye mchukuzi.

Tabu yake ni moja. Damu imejaa vimeng'enya vinavyokata peptidi. Ni mikasi midogo isiyolala. Mchukuzi wetu wa kwanza alikuwa akivuka vizuri kwenye maji safi, lakini tukimtia katika damu anakatwakatwa kabla hajafika popote.

"Mshoneeni koti la chuma," kaka akasema.

"Ndicho tulichofanya, kwa namna yetu," nikamjibu.

Asidi amino zina mikono, kama sisi. Kila moja inaweza kuwa ya kushoto au ya kulia, na hizo mbili zinafanana kama mtu na sura yake kiooni. Mwenyezi Mungu ameijenga miili ya viumbe kwa zile za kushoto. Nilipomuuliza mwalimu wetu wa shule ya jioni kwa nini za kushoto na si za kulia, alisema wenye elimu bado wanabishana. Nililala na swali hilo siku nyingi, na mpaka leo nikisujudu huwa nalikumbuka. Basi mikasi ya damu imezoea kukata shanga za kushoto. Ukitunga mnyororo kwa shanga za kulia, mkasi unaukuta lakini haujui uushike wapi.

Daktari, mkuu wetu wa maabara, alisema tuujaribu mnyororo wa kulia, ingawa hakuutumainia. "Mikasi itamshindwa," aliniambia, "lakini dada, nahofu kipokezi nacho hakitamtambua. Umbo lake litakuwa limegeuka. Ni sawa na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Tujaribu tu, tusije tukajiuliza baadaye."

Mimi ndiye niliyeiingizia mashine zile herufi. Kila asidi amino ina herufi yake, na mnyororo mzima unaandikwa kama safu ya herufi zisizounda neno lolote. Mashine ikatunga. Tukaupima uzito wa molekuli zake, ukawa ule ule uliotakiwa. Tukamtia mchukuzi katika damu, mikasi ikamshindwa. Tukamweka kwenye kikombe chenye utando wa seli za mishipa ya ubongo, juu upande wa damu, chini upande wa ubongo. Akavuka!

Daktari aliruka kama mtoto. Yeye ni mdogo kuliko hata mdogo wangu wa mwisho, na siku zote hujikaza awe na haiba ya ukuu, lakini siku hiyo haiba aliisahau. "Sijui kwa nini amepita," alisema, "lakini amepita."

Ndiyo habari niliyompelekea kaka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mkewe, "Umesikia? Dada yangu huyo. Alianza pale kwa kuosha chupa."

"Nimesikia. Na wewe ulikuwa unamwambia shule ya jioni ni ya watu wasio na kazi nyumbani."

"Nilisema mimi?"

"Ulisema wewe, na mdomo huo huo."

*

Mtihani ulikuwa umekaribia, nikapewa ruhusa ya kukaa nyumbani nisome. Daktari mwenyewe akatengeneza fungu la pili la mchukuzi, kubwa zaidi, kwa ajili ya kuwaonyesha wakubwa wanaoamua kazi ipi iendelee na ipi ifungwe.

Niliporudi nilimkuta ameketi mbele ya vikombe, mikono mashavuni.

"Hapiti," akasema.

"Nani?"

"Mchukuzi wako, dada. Mikasi haimkati, hilo ni sawa. Lakini anabaki juu kama mafuta juu ya maji. Nimerudia na kurudia."

"Uzito?"

"Ule ule. Herufi zile zile, uzito ule ule." Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nadhani mara ya kwanza utando ulikuwa umetoboka. Hakuvuka, alivuja. Nami nikawatangazia wakubwa kama kuku aliyetaga yai la kwanza. Wamesema tufanye jaribio moja la mwisho. Likishindikana wanaifunga kazi hii, na kila mtu atapangiwa pengine."

Pengine pangu nilipajua. Ni kwenye beseni la chupa. Lakini wallahi siyo beseni lililonichoma siku ile. Nilimwona kaka, mkono juu ya kitambaa, akiniuliza swali lake.

Nilikwenda kuswali adhuhuri kwenye chumba kidogo cha stoo tulichopewa kwa ajili hiyo. Sikuomba tufaulu. Niliomba nifahamishwe, maana jambo lenyewe lilikuwa limenitekenya akili. Utando ukitoboka, kila kitu kinapita. Mimi siku ile nilitia rangi ya buluu upande wa juu, kama tunavyofanya kila mara ili kuupima utando, na rangi haikushuka hata tone. Nililiona kwa macho yangu. Utando ulikuwa mzima. Kwa hiyo fungu la kwanza lilivuka kweli, na fungu la pili linagoma kweli, na yote mawili ni shanga zile zile zenye uzito ule ule. Itakuwaje?

Nilimkumbusha Daktari habari ya rangi. Akafikiri. "Basi kuna kitu hatukioni," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliiondoa mikono mashavuni.

*

Darasa letu la jioni lina watu wazima watupu. Yuko dereva wa lori, yuko mpishi wa hoteli, yuko mama mmoja muuza viatu anayesinzia kila somo la hesabu na kuamka akiwa na jibu. Mimi ndiye niliyechelewa kuliko wote. Utotoni nilisoma chuo cha Kurani tu, kwa maalimu, alifu na be na te, kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi hizi nyingine nimezijua ukubwani, nikiwa na watoto wanaojitegemea.

Mwalimu, mstaafu mpole mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliandika ubaoni safu ya herufi za asidi amino. "Haya, mama wa maabara. Hii ni fani yako. Tusomee mnyororo huu."

Nikasimama, nikasoma kwa sauti, herufi moja moja.

Darasa likalipuka kwa kicheko.

"Mama, rudisha gari!" dereva wa lori akapiga kelele. "Unaendesha rivasi!"

"Nimekosea wapi?" nikauliza.

"Hukukosea herufi hata moja," mwalimu akasema, naye akitabasamu. "Umeanzia mwisho. Umesoma kutoka kulia."

"Huyu sasa ni Bibi Kinyume," dereva akasema. "Kesho atatuambia kwaheri akiingia."

Nilicheka nao. Nikakaa. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni.

Maneno huwa siyasomi kinyume. Neno lina maana, na maana inakuonyesha pa kuanzia. Lakini herufi zisizo na neno, zilizopangwa tu kama shanga, macho yangu yalikuwa yameziendea kama yalivyofundishwa na maalimu wangu nikiwa na meno ya utoto. Nami ndivyo nilivyoiingizia mashine herufi za fungu la kwanza. Nilianzia kulia. Na mizani isingeweza kunishitaki, kwa sababu shanga ni zile zile. Uzihesabu kutoka huku au kutoka kule, uzito haubadiliki.

"Mama wa maabara, unaumwa?" mwalimu akauliza.

"Hapana, mwalimu. Nimejisikia mwenyewe tu."

Sikujua wakati huo kama nimeona jibu au nimeona aibu yangu. Kama nilitunga kinyume, basi nilitunga kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Kwa nini basi hicho ndicho kilichovuka?

*

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Nilipitia kwa kaka. Safari hii hakuniuliza habari za mlango, nadhani aliusoma uso wangu akajua umefungwa tena. Alikuwa ameinamia koti la mteja, amekasirika.

"Njoo unisaidie," akasema. "Huu mkono umenifanyia kituko. Nimekata mikono miwili ya koti, yote ya kushoto."

"Labda mteja wako naye ana mikono miwili ya kushoto," wifi akasema kutoka mlangoni.

"Ndiyo, ni shemeji yako huyo?"

"Shemeji yangu ni ndugu yako, usijitukane."

Nilichukua mkono mmoja wa koti. Kaka alikuwa ameshauunga mshono mrefu. Nilipenyeza vidole ndani, nikaushika mwisho wake, nikauvuta hadi ndani ikawa nje. Nikauweka mezani kando ya mwenzake.

Ukawa wa kulia.

"Acha mchezo," kaka akasema. "Umbo limekuwa la kulia, sawa, lakini mshono sasa uko nje. Nani atavaa hivyo?"

Niliugeuza tena. Kushoto. Nikaugeuza tena. Kulia. Wifi alisogea akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Kaka," nikasema, "ukilitazama koti kiooni, mkono wa kushoto unaonekana wa kulia, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa huo wa kiooni ukiugeuza ndani nje?"

Alifumba jicho moja, kama anavyofanya akipima bega la mtu. "Utarudi kuwa wa kushoto. Umegeuza mara mbili."

"Lakini mshono hauko pale ulipokuwa."

"Mshono umehama. Ndiyo nakwambia, nani atavaa hivyo?"

Nilimbusu kwenye paji la uso, jambo ambalo sijalifanya tangu harusi yake, nikachukua mkoba wangu.

"Huyu leo kimempata nini?" nilimsikia akimuuliza mkewe.

"Ndiyo shule hiyo," wifi akajibu.

*

Asubuhi nilimngoja Daktari mlangoni mwa maabara. Nilikuwa nimeswali rakaa mbili za kuomba uthabiti. Nilimwambia kila kitu bila kukipamba: maalimu, herufi, kicheko cha darasani. Sikuusubiri uso wake ubadilike, nikaunganisha hapo hapo na habari ya mkono wa koti. Shanga za kulia zinaugeuza mnyororo mara moja, kama kioo. Mpangilio wa kinyume unaugeuza mara ya pili. Huenda umbo linarudi kuwa lile ambalo kipokezi kinalijua, lakini mshono umehamia upande ambao mkasi haujauzoea.

Daktari alichomeka ufunguo mlangoni, akauacha hapo. Kisha akajipiga kofi la paji la uso.

"Matawi ya pembeni ya shanga yanaelekea kule kule yalikokuwa yakielekea mwanzo," akasema taratibu, kama anayejisomea. "Uti wa mgongo wa mnyororo ndio uliopinduka. Dada, mbinu hii ipo! Nilisoma habari zake nikiwa mwanafunzi. Niliifikiria hata kwa kazi hii, nikaiacha, kwa sababu mara nyingi haifaulu. Umbo hurudi nusu nusu tu."

"Safari hii huenda limerudi vya kutosha?"

"Sijui. Huenda. Au huenda hukusoma kinyume, na kuna jingine kabisa." Aliingia ndani haraka, akachukua karatasi, akaandika safu ya herufi, akanisogezea. "Soma."

"Daktari, sasa najua nikisoma..."

"Usifikiri. Soma kama ulivyosoma siku ile."

Nikasoma. Nilipomaliza nikakuta amekaa kwenye kiti changu, anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Kutoka kulia," akasema. "Ya Rabi, kutoka kulia!"

"Utaniripoti?"

"Nitaripoti kwamba herufi ziliingizwa kinyume, na kwamba mimi nilipima uzito tu nikaridhika, wakati najua mizani haijui kusoma. Kosa ni letu sote wawili. Lakini kwanza tujue kama kosa lenyewe ni kosa."

Tulitunga mafungu mawili madogo, la mbele na la kinyume. Daktari alisimama nyuma yangu akifuata kila herufi kwa kidole, nami nikizitamka kwa sauti kama mtoto wa chuo. Kisha yeye akavipa vikombe alama anazozijua yeye peke yake, ili matumaini yangu yasije yakanipotosha macho. Tukatia rangi ya buluu juu. Tukangoja.

Kungoja kwa maabara ni kugumu kwa sababu hakuna cha kutazama. Kikombe ni kikombe, maji ni maji. Nilikuwa nikienda, nikirudi, midomo ikicheza kwa dhikri. Daktari, ambaye hajawahi kuniambia chochote kuhusu imani yake, akasema kwa sauti ndogo, "Niombee na mimi."

Tulipoyanyonya maji ya upande wa ubongo na kuyapima, mashine ilichora mstari mtambarare kwa vikombe vya alama moja. Kwa vikombe vya alama nyingine, mstari ulikwenda, ukasita, ukapanda kilima: mchukuzi alikuwamo.

"Ni vipi hivi?" nikauliza.

Alifunua karatasi aliyoikunja mfukoni, ingawa nadhani hakuhitaji. "Vya kinyume," akasema.

Rangi ya buluu ilikuwa juu, haijashuka hata tone.

Wakubwa walikuja, wakaona, wakauliza maswali magumu, na Daktari akawajibu yote, pamoja na lile la jinsi tulivyofika hapo. Mmoja wao alinitazama, akauliza kama nina mpango wa kukosea tena karibuni. Walicheka. Kazi haikufungwa.

*

Nilimkuta kaka akiwa amemalizia lile koti. Alikuwa amekata kitambaa kingine, na wifi ndiye aliyeshika mkasi huku yeye akimwelekeza. Liliangikwa ukutani, mikono yake miwili imekaa sawasawa.

"Enhe?" akasema. Hakulitaja neno mlango. Alikuwa akiliogopa.

"Umefunguka," nikamwambia. "Mara hii tumehakikisha. Mchukuzi anapita akiwa amegeuka kiooni, tena anatembea kinyumenyume."

"Kinyumenyume!" Wifi akapiga makofi. "Ubongo nao una mambo. Kumbe ukija uso kwa uso unafukuzwa, ukija mgongo mbele unakaribishwa."

"Amenikumbusha wewe na wazazi wako nilipokuja kuposa," kaka akasema. Kisha utani ukamwisha. Aliuondoa mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, akauacha utetemeke mbele yangu bila kuuficha. "Sasa niambie kweli, mdogo wangu. Huyo mchukuzi atanifikia mimi?"

Nilitamani kumpa ndiyo. Ulimi wangu ulikuwa umeshanitoka mara moja, na nilikuwa nimeona ulivyomgharimu.

"Sijui, kaka," nikasema. "Amepita kwenye kikombe tu. Bado hajapita kwenye mnyama, sembuse mtu. Na alipita mikono mitupu. Hatujui kama akibebeshwa dawa ataweza kupita, wala kama akifika ndani ataushusha mzigo au atang'ang'ana nao. Huenda ikachukua miaka mingi. Huenda wewe ukawa umeshachelewa. Siwezi kukudanganya."

Wifi alitazama chini. Kaka aliutazama mkono wake kama anayetazama kitu cha mtu mwingine. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia, mpaka sauti ikapotea.

"Wewe huo mzigo," akasema hatimaye, "mnaufunga wapi kwa huyo mchukuzi? Mbele au nyuma?"

"Mwanzo tulikuwa tukiufunga kwenye mkia."

"Na sasa mmempindua. Mkia uko wapi?"

Nilichukua chaki yake ya kuchoria vitambaa, nikainama juu ya meza, nikachora shanga kwenye kipande cha kitambaa cheusi, safu moja, na nyingine chini yake. Niliweka kidole kwenye shanga ya kwanza. Nikakiondoa, nikakiweka upande wa pili: pale palipokuwa kichwa ndipo sasa palipo na mkia.

"Basi sogea tuone wote," kaka akasema, akivuta kiti karibu. "Anza tena. Polepole. Na safari hii anzia kushoto, maana wengine hatukusoma chuo kimoja na wewe."